Maji ya Mvua Chini ya Kitanda

Katika nyumba ya Mzee Nathanaeli pale Makole, Dodoma, chai haikunywewa mpaka ndevu zinyolewe. Hiyo ilikuwa sheria, na aliyeitunga hakuwa na haraka ya kuifuta. Mzee alisema mtu hali chakula akiwa na uso wa jana. Asipokula hamezi dawa ya presha, maana dawa ile haitaki tumbo tupu. Na asipomeza dawa, kiharusi kilichomwangusha miaka tisa iliyopita kingeweza kurudi kumalizia kazi yake. Kwa hiyo kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili asubuhi, binti yake Hilda alisimama mbele ya kiti cha chuma akiwa na bakuli la bati mkono mmoja na brashi mkono wa pili, akipiga povu la kunyolea.

Miaka tisa, jamani. Katika miaka hiyo Hilda hakulala nje ya nyumba ile hata usiku mmoja. Harusi za marafiki zake alizitazama kwenye simu. Shoga yake alipojifungua kule Singida, alituma kitenge kwa kondakta wa basi na salamu za kumtosha mtoto mpaka aote meno. Mchumba naye alikuwapo, fundi umeme mpole asiye na makuu. Alisubiri miaka miwili, kisha akaoa Manyoni, na wala hakuna wa kumlaumu.

Kiti kile kilikuwa cha kinyozi kweli, chuma kitupu na ngozi iliyopasuka, kimetolewa kwenye kibanda ambacho mzee alinyolea watu kwa miaka thelathini na sita. Mashine ya umeme hakuigusa hata siku moja. Mwenye ndevu za kujikunja, alisema, mashine humwachia vipele, na vipele huzaa vidonda. Dawa yake ni wembe mkali, na wembe mkali bila povu ni panga tu.

Pale kibandani kulikuwa na desturi yao. Kijana akija kujifunza kazi hapewi wembe. Anapewa brashi na bakuli. Anapiga povu, mzee analipaka kwenye shavu lake mwenyewe, anasubiri. Likiwa bovu, mzee anagonga mkono wa kiti kwa kidole, mara moja, to! Maana yake rudia. Hakueleza kosa liko wapi. Wapo waliogongewa mwaka mzima wakakimbilia kuuza maji ya chupa stendi. Na siku povu likikubali, mzee alitamka maneno mawili tu: "Povu zuri." Hapo kijana amehitimu. Anapewa brashi mpya na mkono wa kwaheri, anaondoka siku ileile kwenda kuweka kiti chake mahali pengine. Aliyeambiwa maneno yale hakubaki. Katika miaka yote thelathini na sita, walioambiwa walikuwa wanne.

Kisha kiharusi kikaja. Kilichukua mkono wa kulia na mguu wa kulia, kikavuta mdomo upande, kikaacha maneno yakitoka machache na kwa shida. Kidole cha mkono wa kushoto, kiharusi hakikukigusa.

Wakati ule Hilda alikuwa na barua ya ajira mkononi, ualimu wa shule ya msingi huko Mpwapwa, aripoti ndani ya siku kumi na nne. Mama alikwisha kufariki. Mdogo wake, Sostenes, alikuwa Ipagala, mwendo wa bodaboda tu, lakini mwanaume ana shughuli zake, si mnajua. Hilda akaikunja barua. Siku kumi na nne zikapita, nafasi ikaenda kwa mtu mwingine, naye akaokota brashi. Waliajiriwa wasaidizi watatu, mmoja baada ya mwingine. Mzee aliwageuzia shavu kila asubuhi na kukaa na njaa mpaka wakaondoka wenyewe.

Mwaka wa kwanza kidole kilimgongea Hilda asubuhi hata asubuhi. Mwaka wa pili kikaacha kugonga. Mzee akawa ananyamaza, anainua kidevu, ananyolewa, anaomba chai. Lakini yale maneno mawili hayakuja. Hilda aliyangoja kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani, akayangoja mpaka akachoka kuyangoja, na tusidanganyane, hata baada ya kuchoka aliendelea kuyangoja.

Sasa barua ya pili ilikuwa imekuja. Shule ya msingi, wilaya ya Kondoa. Hilda alikuwa na miaka thelathini na minane, na hakuna aliyemwahidi kwamba kutakuwa na barua ya tatu. Mwisho wa kuripoti ulikuwa Ijumaa.

Jumapili baada ya ibada Sostenes alikuja na mkewe Erica na tikiti maji, kama ilivyo kawaida yake. Sostenes alikuwa dalali wa viwanja, na tangu mji uanze kutanuka alikuwa na maneno mengi kuliko viwanja vyenyewe. Hilda alimwonyesha barua.

"Nenda, dada!" alisema Sostenes kabla hata hajaimaliza kuisoma. "Nani kakushika? Sisi tunahamia hapa. Erica atakuwa anamnyoa mzee."

Erica aliweka glasi mezani. Mzee kule kwenye kiti alifumba macho.

"Baba Ruthu," Erica alimwambia mumewe taratibu, "umesikia ulichokisema?"

Miaka kumi na moja ya ndoa, Erica hajawahi kuketi benchi moja na baba mkwe wake. Alimpigia magoti mlangoni, akatoa shikamoo akitazama chini, chakula akakiweka mezani na kuondoka. Mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, sembuse mke wa mwana kumshika mzee mashavu na kumpitishia wembe kooni! Angefanya hivyo, ukoo mzima ungeshuka kutoka Mvumi kuja kuuliza kama watu wa nyumba hii wamerogwa.

"Basi nitamnyoa mimi," alisema Sostenes, sauti ikiwa imeshuka kidogo. "Kwani kunyoa ni kitu gani?"

Wakakubaliana. Atakuja kila asubuhi kuanzia Jumatatu ajifunze. Kama mpaka Alhamisi mzee atakubali kunyolewa naye na kunywa chai, Hilda atapanda basi la Kondoa Ijumaa alfajiri.

"Na asipokubali?" Hilda aliuliza.

Sostenes aliinua mabega. "Asipokubali, dada yangu, mimi nitafanyaje? Siwezi kumuua baba kwa njaa."

Mzee alikuwa amefumbua macho, anatazama ukuta.

Jumatatu Sostenes aliingia na kopo. Povu la dukani, la kubonyeza, lenye picha ya mzungu asiye na ndevu hata za kuhesabia. Alilitikisa, akabonyeza, likatoka puu! kiganjani kama kichuguu. Mzee alilitazama, akamtazama mwanawe, kisha akageuza uso ukutani na hakuugeuza tena. Saa nne Sostenes aliondoka akisema ana mteja kule Nala. Saa tano Hilda alimnyoa baba yake, akamnywesha chai, akampa dawa.

Jumanne aliamua kufundisha kwelikweli, maana huyu alikuwa ndugu yake na muda ulikuwa unakimbia.

"Loweka brashi kwanza," alimwambia. "Maji ya uvuguvugu, si ya moto. Ya moto yanavunja manyoya. Iache humo mpaka uone imelegea. Haya, itoe, ikung'ute. Basi, usiikamue! Ibaki na unyevu wake. Sasa izungushe juu ya sabuni, polepole, usikandamize."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ibebe uji mzito. Umeona? Sasa hamia kwenye bakuli. Chovya vidole, dondosha maji matone mawili, piga. Matone mawili tena, piga. Usimimine, Sostenes! Ukimimina umekwisha, unapata mapovu ya kufulia."

Sostenes alipiga mpaka jasho likamtoka. Tumbo lake la supu za asubuhi lilikuwa linacheza.

"Nitajuaje limeiva?"

"Inua brashi. Povu lisimame lenyewe, lisianguke. Na lisiwe na matundu. Liwe kama maziwa ya mgando, mazito, yanang'aa. Halafu usoni unazungusha kwanza ili ndevu ziinuke, kisha unalilaza juu chini kama anayepaka ukuta chokaa."

Alimfundisha hivyo, hatua kwa hatua, bila uchoyo. Kitu kimoja tu hakukisema. Sostenes alikwenda jikoni, akachota kikombe cha maji kwenye ndoo ya maji ya bomba, akapasha, akarudi nacho. Hilda aliona. Mdomo wake ulifunguka, kisha ukafunga.

Maji ya Dodoma, mwenye birika anayajua. Ya bomba, ya kisima, yote yana chumvi na chokaa; ukichemsha mwezi mmoja, birika linaota ukoko mweupe ndani. Ukifulia, sabuni inakwisha na nguo bado. Na ukipigia povu la kunyolea, utapiga hata kwa mikono ya malaika, litasimama dakika moja likupe moyo, kisha linasinyaa, linakuwa utando wa kijivu unaokauka shavuni kabla wembe haujafika. Hilda aliteseka nalo mwaka mzima. Alilaumu sabuni, akalaumu brashi, akalaumu mkono wake. Mpaka siku moja ya masika, mwaka ule wa pili, alipooshea nywele maji ya mvua yaliyotiririka batini, povu likamjaa kichwani mpaka likamwingia machoni. Alisimama uani amefumba macho na kucheka peke yake. Ndipo alipokumbuka pipa lililokaa chini ya mchirizi wa bati pale kibandani kwa baba yake, ambalo utotoni alidhani ni la kufulia mataulo.

Kesho yake alipiga povu kwa maji ya mvua, na kidole hakikugonga tena. Tangu hapo, kila masika Hilda alijaza madumu, akayapanga chini ya kitanda chake. Kikombe kimoja kwa siku alikipasha, akakiweka kwenye chupa ya chai ndogo, akaifungia chumbani. Hakumwambia mtu. Mwezi ule wa Oktoba lilikuwa limebaki dumu moja limejaa, na jingine nusu.

Jumanne kidole kiligonga mara tatu. Jumatano Sostenes alikuja mapema, amejinyoa mwenyewe ili kujipa moyo, na safari hii hakukosea hata hatua moja. Alilowesha, akakung'uta, akazungusha, akadondosha matone mawili mawili. Mkono ulikuwa umepata mwendo. Povu likasimama. Akalipeleka usoni akitabasamu, na kabla hajamaliza shavu la pili, la kwanza lilikuwa limeshakauka kijivu.

To!

"Sabuni mbovu hii!" Sostenes alifoka. "Kwa nini lako linakubali na langu halikubali, dada? Nimefanya kila ulichosema!"

"Mkono wako bado mgumu," Hilda alisema.

Na moyoni alifurahi. Tuseme ukweli bila kuupaka mafuta: alifurahi. Furaha ilimpanda kifuani ikiwa ya moto kabisa, na sekunde iliyofuata akaingiwa na hofu. Mtu gani huyu, anayetaka kutoka na anafurahi mlango ukigoma kufunguka?

Mchana alikuwa anaanika nguo, jirani yake Mwantum akachungulia juu ya michongoma. Mwantum alikuwa mwenyeji wa Kondoa, muuza vitumbua, mwenye mdomo usiolala.

"Mbukwenyi, mwalimu!" alimtania kwa salamu ya Kigogo. "Mama yangu mdogo kule Kondoa amepiga simu. Chumba chako amekwisha kukifagia, kitanda kipo, anauliza kama unakula makande."

"Nakula."

"Mbona umenuna? Au kaka mtu hajui kunyoa? Wewe nawe, Hilda. Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Wewe umenyoa miaka tisa, zako utazitia maji lini?" Kisha akapunguza sauti. "Umemwonyesha kila kitu, lakini?"

"Kila kitu," alisema Hilda, na akageuka kuchukua kibanio kingine ili asionekane uso.

Siku ile alifua kila kilichofulika ndani ya nyumba, na kazi yote ile alikuwa anagombana na nafsi yake. Mwambie. Ni neno moja tu, maji. Lakini lile neno lilikuwa ndilo kitu pekee alichopata katika miaka tisa. Watoto hakupata. Mume hakupata. Darasa hakupata, wala yale maneno mawili ya mdomo wa baba yake. Alipata maji ya mvua, aliyoyagundua mwenyewe bila kufundishwa na mtu. Sasa aje Sostenes wa matikiti, apewe Jumatano, asifiwe Alhamisi? Yale maneno mawili yamwendee yeye, mtoto wa kiume, baada ya siku nne? Na asiposema, Ijumaa itapita, Kondoa itapita, na ataendelea kusimama mbele ya kile kiti mpaka mmoja wao afe. Alikuwa anaujua ufunguo ulipo. Ulikuwa chini ya kitanda chake mwenyewe, na mkono ulikataa kuushika.

Alhamisi aliamka ameamua. Atasema. Alipasha maji ya mvua, akajaza ile chupa ndogo, akaishika vizuri. Lakini alipotoka chumbani alimkuta Sostenes amekwisha kufika, amekwisha kuchota maji yake kwenye ndoo, anapiga povu kwa bidii huku ameuma ulimi. Mzee alikuwa amefungwa taulo shingoni. Hilda akasimama mlangoni mwa chumba chake na chupa mkononi. Sema sasa. Hakusema. Akasimama tu anatazama siku yake ya mwisho ikipigwa ndani ya bakuli.

Sostenes alizungusha brashi shavuni. Shavu la kushoto, lile ambalo bado lilikuwa na hisia. Hilda aliona uso wa baba yake ukibadilika kidogo, pale kwenye pembe ya jicho. Kinyozi wa miaka thelathini na sita haulizi povu limetoka wapi. Alijua kwa mguso wa kwanza.

Mkono wa kushoto uliinuka juu ya chuma cha kiti. Kidole kilibaki hewani muda mrefu, na mzee akageuza macho mpaka yakamkuta binti yake pale mlangoni, na ile chupa yake. Halafu mkono ukashuka, ukalala juu ya chuma bila sauti.

"Povu zuri," mzee alisema.

Sostenes aliruka. "Umesikia, dada? Umesikia? Siku nne tu!"

Hilda alisikia. Alisikia mpaka kwenye mifupa. Hata hakukaa kuona mwisho wake, alirudi chumbani, lakini ukuta wa chumba ulikuwa wa tofali moja na sauti zilimfuata: wembe ukikwaruza shavu kavu, krrr, krrr, Sostenes akisema "pole, baba," mzee akisema "endelea." Wembe ukikwaruza tena. "Pole, baba." "Endelea." Kisha, "Chai."

Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akalia. Hakulia kwa huzuni. Alilia kwa hasira ya kudhulumiwa. Miaka tisa ya povu lisilo na kasoro, hakuambiwa hata asante. Huyu kapaka ukoko wa birika kaambiwa zuri! Alimchukia baba yake. Alimchukia wazi, bila kujificha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na chuki ile ikamkausha machozi.

Na machozi yalipokauka, akili ikaanza kufanya kazi. Zuri? Lile povu? Alimkumbuka kijana mmoja wa kibandani, mtoto wa rafiki mkubwa wa mzee, aliyegongewa miezi kumi na minne. Baba wa kijana alikuja na mbuzi kuomba mwanawe ahitimishwe. Mzee alimrudisha baba mtu na mbuzi wake, akasema hawezi kuliita zuri povu baya hata Askofu akija kupiga magoti. Mzee yuleyule, leo, na ndevu zake zikikwaruzwa kavukavu, amesema zuri.

Hilda aliinuka, akaingia ndani. Sostenes alikuwa ameshaondoka kwenda kumwambia Erica afungashe. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, chai imekwisha, dawa imemezwa. Usoni alikuwa na vipande vinne vya karatasi vilivyogandishwa kwa damu, na chini ya taya palikuwa pamechubuka pakawa pekundu. Hilda alipiga magoti mbele yake, akalowesha kitambaa kwa yale maji ya chupa, akaanza kumpangusa.

"Povu lile lilikuwa baya, baba."

Mzee alikusanya maneno yake. "Baya sana."

"Sasa mbona ulisema zuri?"



"Kesho Ijumaa," mzee alisema.

Hilda aliacha kupangusa. Kitambaa kilikuwa kinadondosha matone magotini pake.

"Langu je, baba? Miaka yote hii. Langu lilikuwaje?"

Mdomo uliopinda ulihangaika. Jicho la kushoto likajaa maji, na mkono mzima ukanyanyuka kuyafuta, haukufika vizuri.

"Mwaka wa pili," alisema. "Masika. Ulileta... maji ya mvua. Nikajua."

"Hukusema!"

"Ningesema..." Alipumua. "Ningesema, ungeondoka."

Hapo ndipo Hilda alipoelewa desturi ya kibandani ilivyoishi ndani ya nyumba ile, na nani hasa alikuwa amefungwa na nani. Alitaka kumpigia kelele. Alitaka kumuuliza kama anajua miaka saba ni kitu gani katika maisha ya mwanamke. Lakini mkononi alikuwa ameshika maji yaleyale, ambayo naye alimficha ndugu yake kwa siku nne, na kelele ikakosa pa kutokea. Aliweka kichwa chake juu ya magoti ya baba yake. Ule mkono wa kushoto ukashuka juu ya nywele zake, mzito, ukakaa.

Jioni ile Sostenes na Erica walihamia na magodoro yao. Hilda alimwita mdogo wake chumbani, akainama, akavuta madumu kutoka uvunguni.

"Tatizo halikuwa mkono wako," alimwambia. "Ni maji. Ya bomba yanaua povu. Tumia haya, kikombe kimoja kwa siku, usipikie chai na usimwagie maua ya mkeo. Yatakufikisha Desemba, mvua zikianza kinga mengine."

Sostenes aliyatazama yale madumu, akamtazama dada yake.

"Ulikuwa unajua tangu Jumatatu?"

"Nilikuwa najua. Nisamehe."

Ijumaa alfajiri begi la Hilda lilikuwa mlangoni na bodaboda inanguruma nje. Mzee alikuwa tayari kwenye kiti, taulo shingoni. Hilda alipiga goti. "Shikamoo, baba. Naenda."

"Marahaba. Nenda, mwanangu."

Sostenes alikuwa anapiga povu kwa maji ya mvua. Bakuli lilijaa, povu likasimama, jeupe, zito, linang'aa. Hata Hilda mwenyewe aliona limekaribia. Limekaribia tu, palikuwa na vitundu kidogo ukingoni, kwa sababu Sostenes bado alikuwa na haraka ya kuongeza maji. Akalipaka shavuni kwa majivuno.

To!

Sauti ile ilimfikia Hilda akiwa ameshika kitasa. Mwili wake uligeuka kabla yeye hajaamua; mkono ulikwisha kuachia begi, ukawa umenyooka kuelekea kwenye bakuli. Miaka tisa mwili ule ulikuwa haujui njia nyingine. Sostenes alimtazama kwa macho ya kuomba, brashi ikidondosha povu. Mzee hakumtazama. Alikuwa ameinua kidevu, anatazama ukuta, anasubiri kazi ya mwanafunzi wake mpya.

Hilda aliushusha mkono, akaokota begi.

"Rudia," alimwambia Sostenes, akatoka.